Khabari za Udongo Uchukuao Nyumba Zetu

 Tumetakiwa tuseme nanyi khabari za udongo. Huenda wako watakaosema mioyoni mwao, "Udongo! Twazaliwa juu yake, twaulima, na mwisho twazikwa ndani yake. Kuna khabari gani mpya ya kuambiwa?" Nasi twajibu kwa adabu kwamba hatukuja kunena juu ya udongo wa kulimia, ambao ninyi mnaujua kuliko sisi tukaao mezani na kalamu. Twataka kunena juu ya udongo wa kujengea, yaani udongo uchukuao uzito wa nyumba, wa shule, wa barabara na wa ukuta wa bwawa.

Jambo hili si dogo. Ukuta wa darasa ukipasuka, fedha iliyochangwa na wazazi, shilingi juu ya shilingi, imepotea. Na ukuta ukianguka watoto wakiwa ndani, hasara si ya fedha tena. Mara nyingi watu humlaumu fundi mwashi, ama huyalaumu matofali, ama husema kuna mtu mwenye jicho baya. Kumbe fundi alikuwa hodari na matofali yalichomwa vema, lakini nchi iliyo chini ya msingi haikuulizwa neno. Wahenga wetu walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Sisi twaongeza kwa heshima: ukiisha kuingia ndani, uliza pia nyumba hiyo imesimama juu ya nini.

Basi na tuanze na mwanzo wa jambo. Udongo wote watokana na mwamba. Jua, mvua, mizizi ya miti na miaka mingi sana huuvunja mwamba ukawa mawe, na mawe yakawa kokoto, na kokoto zikawa mchanga, hata mwisho ukapatikana unga mwembamba usioonekana kwa jicho. Wataalamu wa ujenzi huzigawa punje hizo kwa ukubwa wake. Punje zilizo baina ya milimita 60 na milimita 2 ni changarawe. Zilizo chini ya milimita 2 hata kufikia sehemu 6 katika 100 za milimita moja ni mchanga. Zilizo ndogo kuliko mchanga, lakini kubwa kuliko sehemu 2 katika 1000 za milimita, ni ule udongo laini kama unga uletwao na mito wakati wa mafuriko. Sisi tutauita mchangatope. Na zilizo ndogo kupita hizo zote ndizo za udongo wa mfinyanzi, ule ambao mama zetu hufinyangia vyungu.

Mtu aweza kuuliza, "Ukubwa wa punje una faida gani kwangu mimi nijengaye?" Faida yake ni hii. Changarawe na mchanga hupitisha maji upesi, havivimbi vikilowa, wala havinywei vikikauka. Lakini havina gundi ndani yake, na kwa hiyo shimo lililochimbwa katika mchanga mkavu hubomoka mara moja. Mfinyanzi, kwa upande wake, una gundi, na hushikamana. Lakini hunywa maji polepole, huyatoa polepole, na hubadilika sana kwa kadiri ya maji yaliyomo. Mchangatope uko katikati, nao ni mdanganyifu: ukiwa mkavu huonekana imara, ukilowa na kutikiswa hulegea kama uji.

Sasa twawaonyesha jinsi ya kuujua udongo bila ya mashine yo yote. Chukua chupa ya kioo iliyo nyeupe na nyofu, uijaze udongo hata theluthi moja, utie maji mpaka karibu na mdomo, na chumvi kidogo, uizibe na kuitikisa kwa nguvu, kisha uiweke mahali pasiposukumwa na mtu. Mchanga utatua chini kwa muda usiozidi dakika moja. Mchangatope utafuata kwa saa kadha wa kadha. Ama mfinyanzi hukawia sana: punje yenye ukubwa wa sehemu 2 katika 1000 za milimita huchukua kama saa 8 kushuka sentimeta 10 tu katika maji, na zilizo ndogo zaidi hukawia siku nyingi. Ile chumvi huzifanya zikusanyike na kushuka upesi kidogo. Siku ya pili utaona matabaka yamepangana ndani ya chupa, nawe waweza kuyapima kwa rula. Walimu, kazi hii yafaa sana kwa watoto wa shule, maana ni hesabu na maarifa ya nchi kwa pamoja, na gharama yake ni chupa tu.

Lakini chupa haisemi yote. Udongo wa mfinyanzi haujulikani kwa ukubwa wa punje peke yake, bali kwa jinsi uishivyo na maji. Mwaka 1911 mtaalamu mmoja wa Sweden, jina lake Albert Atterberg, alieleza jambo ambalo kila mfinyanzi wa vyungu alikuwa akilijua kwa mikono yake. Udongo ule ule mmoja, ukitiwa maji mengi, hutiririka kama uji. Maji yakipungua, hufinyangika kama unga uliokandwa. Yakipungua tena, hukatikakatika. Na yakiisha, huwa mgumu kama kigae. Atterberg akaweka mipaka baina ya hali hizi, ili mtu aweze kuitaja kwa hesabu. Mpaka wa chini wa kufinyangika hupimwa hivi: udongo huviringishwa chini ya kiganja hata uwe uzi wenye unene wa milimita 3. Ukianza kukatika hapo hapo, umefikia mpaka. Kisha maji yaliyomo hupimwa kwa kuupima udongo kwa mizani kabla ya kuukausha na baada ya kuukausha.

Umbali uliopo baina ya mpaka wa uji na mpaka wa kukatika ndio utoao siri ya udongo. Umbali ukiwa mdogo, udongo huo ni mtulivu, hauna mengi. Umbali ukiwa mkubwa, ni udongo unywao maji mengi pasipo kuonyesha, na ambao utamsumbua mjenzi. Aonaye uzi wake waviringika mwembamba na mrefu bila ya kukatika, na ukiukunja haukatiki, na ajue ya kwamba ana mfinyanzi mwenye nguvu mkononi, naye na aende kwa hadhari.

Kutokana na kazi ya Atterberg, mtaalamu mwingine, Arthur Casagrande, mzaliwa wa Austria aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alitengeneza njia ya kuupa udongo majina. Aliifanya wakati wa vita vya pili vya dunia kwa ajili ya viwanja vya ndege, maana majeshi yalitaka kujua upesi ni ardhi ipi itakayochukua ndege nzito. Mwaka 1952 njia hiyo ilikubaliwa na idara kubwa za ujenzi za Marekani, na mpaka leo yatumika katika nchi nyingi. Kila udongo hupewa herufi mbili. Herufi ya kwanza yataja aina: G ni changarawe, S ni mchanga, C ni mfinyanzi, na M ni mchangatope, herufi iliyotolewa katika lugha ya Kiswidi. Herufi ya pili yataja tabia: mchanga uliochanganyika vema punje kubwa na ndogo huandikwa W, na ule ambao punje zake ni za ukubwa mmoja tu huandikwa P. Mfinyanzi ambao mpaka wake wa uji hauzidi sehemu 50 za maji kwa kila 100 za udongo mkavu huandikwa L, na uliozidi hapo huandikwa H. Basi mhandisi akisoma CH katika karatasi ya vipimo, mara moja ajua yuko mbele ya mfinyanzi mnywa maji, hata kama hajakanyaga mahali pale.

Mtu asidhani ya kuwa kuupa udongo majina ni elimu ya ng'ambo tu. Wazee wetu waliugawa udongo zamani sana. Wasukuma, mathalani, huuita luseni udongo wa kichanga wa juu, na itogolo ule wa chini zaidi wenye tabaka gumu ndani yake, na mbuga ule mweusi wa bondeni. Nao walijua ya kwamba aina hizi hazikutupwa ovyo, bali zafuatana kwa taratibu kutoka kilimani hata bondeni. Katika miaka ya 1930 mtaalamu Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, aliliandika jambo hilo hilo, akalipa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Tangu mwaka 1935 neno lake limeenea katika vitabu vya elimu ya udongo ulimwenguni, nalo lilitokana na ardhi hii yetu ya Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo chifu atakaye kiwanja cha shule, na amwite kwanza mzee ajuaye majina ya udongo wa pale. Jina la kale la mahali mara nyingi ni kipimo kilichokwisha fanywa.

Katika mnyororo huo twataka kunena zaidi juu ya pande mbili, wekundu na weusi, maana hapo ndipo penye hasara nyingi. Udongo mwekundu wa miinuko umeoshwa na mvua kwa miaka isiyohesabika. Maji hupita ndani yake yakaenda zake, na mfinyanzi uliobaki ni wa aina tulivu, usiovimba sana. Udongo mweusi wa mbuga hukaa bondeni, ambako maji hukusanyika pamoja na chumvichumvi zilizooshwa kutoka juu. Mfinyanzi wake ni wa aina nyingine. Punje zake ni kama kurasa za kitabu zilizolala pamoja, na maji yapata njia ya kuingia baina ya ukurasa na ukurasa. Mvua ikinyesha, kitabu chavimba. Kiangazi kikija, chanywea. Ndiyo sababu mbuga wakati wa jua hupasuka nyufa ambazo mguu wa ng'ombe waweza kuingia, na wakati wa mvua huwa tope linaloshika gurudumu lisizunguke.

Sasa fikirini nyumba iliyojengwa juu ya udongo huo kwa msingi wa kina kifupi. Masika, udongo wa nje ya kuta walowa na kuvimba, na kuziinua kuta. Udongo wa chini ya sakafu, uliofunikwa na paa, hubaki mkavu. Kiangazi, mambo yageuka. Hivyo nyumba hupanda na kushuka kila mwaka kama mtu apumuaye, na kwa kuwa ukuta hauwezi kupumua, hupasuka pembeni mwa madirisha na juu ya milango. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Ni maneno ya kweli, lakini katika nyumba ya mbugani utaziba ufa leo, na mwakani utafunguka pale pale, kwa sababu ugonjwa hauko ukutani. Jijini Nairobi wajenzi walijifunza jambo hili: penye udongo mweusi, kama katika nyanda za upande wa mashariki, huuondoa wote mpaka wafike kwenye mwamba ama tabaka gumu, ndipo waanze msingi.

Tena, si uso wa nchi peke yake wa kuangaliwa. Mwaka 1913, mahali paitwapo Transcona, karibu na mji wa Winnipeg huko Canada, palikuwa na ghala kubwa la nafaka lililojengwa kwa saruji. Udongo wa juu ulipimwa, ukaonekana ni mfinyanzi imara wa kutosha. Ghala likaanza kujazwa ngano. Ghafla likaanza kuzama, na kwa muda wa kama siku moja likainama upande mmoja kwa pembe ya digrii 27 hivi, lisivunjike, bali likalala zima kama mtungi ulioegemezwa. Walipochunguza baadaye walikuta ya kwamba chini ya mfinyanzi imara palikuwa na mfinyanzi mwingine laini, ambao haukupimwa. Ghala liliinuliwa kwa kazi kubwa na kuwekewa nguzo zilizofika mwambani, likatumika tena. Fundisho lake ni rahisi: kadiri jengo lilivyo pana na zito, ndivyo uzito wake ufikavyo mbali chini. Kuta za nyumba ndogo hazishuki mbali. Ghala, kanisa, msikiti ama tangi la maji lashuka mbali sana.

Huenda mtu akauliza, "Mbona mfinyanzi laini hauzami mara moja, bali hukawia?" Jibu lake lilitolewa na Karl Terzaghi, aliyezaliwa Prague mwaka 1883, ambaye kitabu chake cha mwaka 1925 ndicho kilichoifanya elimu hii iwe elimu kamili. Alieleza ya kuwa uzito ukiwekwa juu ya udongo uliojaa maji, mwanzo wake maji ndiyo yauchukuayo, si punje. Maji yakipata njia ya kutoka, punje husogeana na kuupokea uzito ule. Katika mchanga maji hutoka upesi, na jengo hutulia papo hapo. Katika mfinyanzi hutoka polepole, miaka hata miaka, na jengo huendelea kushuka. Mfano wake ni kama mzigo unaohamishwa kutoka kichwa cha mtu mmoja kwenda kichwa cha mwingine. Akiwaye dhaifu akilemewa kabla mwenziwe hajaupokea, mzigo waanguka.

Mnara wa Pisa, huko Italia, ni shahidi wa jambo hili. Ulianzwa kujengwa mwaka 1173 juu ya udongo laini, na baada ya orofa chache kazi ikasimama karibu miaka 100. Kusimama kule ndiko kulikouokoa, maana mfinyanzi ulipata muda wa kutoa maji yake na kuongezeka nguvu. Kama wangaliendelea kwa haraka, mnara ungalianguka. Hata hivyo uliendelea kuinama, na mwaka 1990 ulifungwa kwa hofu. Wahandisi hawakuuvuta kwa kamba. Walitoa udongo kidogo kidogo chini ya upande uliokuwa juu, mpaka mnara ukarudi nyuma kiasi, ukafunguliwa tena mwaka 2001. Ardhi ndiyo iliyouinamisha, na kwa ardhi ukatengenezwa.

Twende kwenye kushindilia. Mama zetu wakitengeneza sakafu hunyunyiza maji, kisha hupigapiga. Hawamwagi maji mengi, wala hawapigi vumbi kavu. Mwaka 1933 mhandisi R. R. Proctor wa Los Angeles alionyesha kwa vipimo sababu ya desturi hiyo. Udongo mkavu mno punje zake husuguana na kukataa kusogea. Uliolowa mno, maji hukaa mahali ambapo punje zingalikaa, wala hayashindiliki. Katikati kuna kadiri moja ya maji ambayo kwayo udongo hushindilika kuliko kadiri zote nyingine. Atengenezaye barabara ya murramu asiye na subira ya kuinyunyizia maji, ama aishindiliaye siku ya mvua kubwa, ameifanya kazi ya msimu mmoja. Na kifusi kijazwacho chini ya sakafu ya darasa na kishindiliwe kwa matabaka membamba, yasiyozidi sentimeta 15, si kumwagwa chote kwa mara moja na kupigwapigwa juu tu.

Lakini twapenda kuwaonya pia ya kwamba vipimo ni viongozi, si mahakimu. Katika miaka ya 1950 ukuta wa bwawa la Sasumua, litoalo maji kwa Nairobi, ulijengwa kwa udongo mwekundu wa Kenya. Udongo huo ulipopimwa kwa njia za kawaida ulionekana mbaya: ulibeba maji mengi, na uliposhindiliwa ulikuwa mwepesi kuliko ilivyotarajiwa. Wengine wangaliukataa. Terzaghi aliuchunguza, na mwaka 1958 akaandika ya kwamba punje zake ndogo zimeshikamana katika vibonge vigumu; kwa hiyo una nguvu na hupitisha maji kidogo, ingawa hesabu za kawaida zilisema vingine. Kwa maneno mengine, udongo wa nchi zetu za joto wataka kupimwa kwa macho yake, si kuhukumiwa kwa kanuni za nchi za baridi peke yake.

Na wasioupima kabisa je? Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza shamba kubwa la karanga huko Kongwa, katika Tanganyika, ambayo sasa ni Tanzania Bara. Mashine nyingi zililetwa kwa haraka. Udongo wa pale una mfinyanzi pamoja na mchanga mkali: kiangazi huwa mgumu kama saruji, na mchanga ule huyala majembe ya chuma. Karanga zilizoota hazikung'oleka kwa urahisi, na mvua nazo hazikutosha. Mwaka 1951 mpango huo ukaachwa, na hasara yake ilikuwa kama pauni milioni 36. Udongo haukuwa sababu pekee, lakini ulikuwa shahidi aliyekuwapo tangu siku ya kwanza, wala hakuitwa kutoa ushahidi wake.

Basi, jamaa zetu, yatupasa tufanyeje kabla ya kujenga? Twataja mambo sita.

Kwanza, tembeeni kiwanjani mara mbili, kiangazi na masika. Angalieni nyufa za ardhi, mahali maji yasimamapo, na kuta za nyumba za jirani. Nyumba ya zamani iliyosimama bila ya ufa ni barua iliyoandikwa na ardhi yenyewe.

Pili, chimbeni mashimo mawili matatu ya kutazamia, yenye kina kupita kile cha msingi mnaoukusudia, nanyi mwandike aina ya udongo katika kila tabaka, rangi yake, na kama maji yametokea. Udongo mweusi unaonuka uozo wa majani haufai kuchukua jengo lo lote.

Tatu, upimeni kwa mkono. Kausheni bonge, kisha livunjeni kwa vidole: likisagika kuwa unga, ni mchangatope, likikataa kuvunjika, ni mfinyanzi. Wekeni kidonge cha udongo mbichi kiganjani, mkitikise: kikitoa maji yang'aayo juu, na maji yale yakatoweka mkikibana, ni mchangatope, kisipotoa, ni mfinyanzi.

Nne, fanyeni sanduku la mbao lenye urefu wa sentimeta 60, upana 4 na kina 4. Lipakeni mafuta ndani, lijazeni udongo mbichi uliokandwa, liacheni likauke vizuri, kisha pimeni udongo umepungua urefu kiasi gani. Ukipungua milimita chache, ni mtulivu. Ukipungua sentimeta 4 ama 5, nyumba yenu itapata taabu.

Tano, kama hapana kiwanja kingine ila cha udongo mweusi, uondoeni na kujaza murramu iliyoshindiliwa vema, ama shusheni msingi chini ya kina cha nyufa. Chokaa ikichanganywa na udongo huo hupunguza kuvimba kwake. Wekeni mifereji ya kupeleka maji ya paa mbali na kuta, wala msipande mikaratusi karibu, kwa kuwa mizizi yake hunywa maji ya chini na kuikausha ardhi upande mmoja.

Sita, nalo ni la roho za watu: jihadharini na mashimo. Meta moja ya udongo, kwa urefu, upana na kina, ina uzito kama wa tani moja na nusu hata tani mbili, yaani uzito wa gari. Ukuta wa shimo ukimwangukia mtu hata kifuani tu, hawezi kupumua. Mfinyanzi husimama wima asubuhi, na jioni ukaanguka, kwa sababu umekauka ama umenyeshewa. Shimo la kisima, la choo ama la kuchimba mchanga likizidi kifua cha mtu, kuta zake na zilazwe mteremko ama zitiwe mbao na nguzo. Kifusi kisirundikwe ukingoni. Na asiwepo mtu mmoja peke yake ndani pasipo wa kumwangalia juu. Chifu akiikataza kazi isiyofuata hayo, twadhani hakuna mzazi atakayemlaumu.

Kwa jengo la kawaida la chini, mambo hayo sita yatawasaidia sana. Kwa jengo la orofa, daraja, tangi kubwa ama ukuta wa bwawa, hayatoshi. Hapo aitwe mhandisi mwenye vyombo vya kupimia. Wako watakaosema ya kwamba kumlipa mpimaji ni gharama. Ni kweli, ni gharama, lakini hulipwa mara moja. Ufa hulipwa kila mwaka, na mwisho wake hulipwa tena kwa jengo jipya.

Walimu, wafundisheni watoto majina ya udongo wa kijiji chao, yale ya wazee na haya ya vitabuni. Wazee, msiyafiche mnayoyajua juu ya viwanja, hasa yale mabonde yaliyofukiwa na visima vya zamani vilivyosahauliwa. Machifu, kabla ya kuweka jiwe la kwanza la shule, ulizeni mbele ya watu wote: "Shimo la kutazamia li wapi, na ni nani aliyeingia ndani yake?" Swali hilo moja likizoeleka barazani, madarasa mengi yatasimama.

Tumewachosha kwa maneno mengi, nanyi mmetuvumilia kwa upole. Mwenye swali na aulize sasa, na aliyeleta bonge la udongo wa kiwanja chake na alisogeze hapa mezani, tulitazame pamoja.